Vittorio Sella, Mpiga Picha wa Theluji

Wasomaji wetu wakaao miguuni pa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa theluji ni kitu gani, maana mbingu zikitakata huiona kwa macho yao wenyewe. Lakini wengi wengine wameijua theluji kwa picha tu. Wameona vitabuni picha za nchi za kaskazini wakati wa majira ya baridi: minara ya kale, nyumba za mawe, misitu na milima, vyote vimefunikwa kwa weupe. Pengine wamedhani ya kuwa kuzipiga picha hizo ni kazi nyepesi, kwa kuwa kitu chenyewe kimetulia, hakisemi wala hakikimbii. Sivyo hata kidogo. Leo twapenda kuwaeleza habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo kuliko wote wa siku zake, akaifanya katika Ulaya, katika Amerika, katika Asia, na hata katika nchi yetu ya Afrika, kwenye milima ya Ruwenzori. Jina lake ni Vittorio Sella, mtu wa Italia.

Kwanza yafaa tuulize: picha ya mlima wenye theluji ina faida gani? Jibu moja tunalo hapa hapa petu. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Württemberg akakaa Rabai karibu na Mombasa, alipokuwa safarini kwenda Uchaga aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akatambua ya kuwa ni theluji. Wachaga waliijua tangu kale. Yeye akaandika habari hiyo, ikapelekwa Ulaya. Huko wakatokea wataalamu waliokaa mezani pao na ramani zao, wasioijua nchi hii, wakakana, wakasema ya kuwa theluji haiwezi kukaa chini ya jua la ikweta, na kwamba macho ya mmisionari yamemdanganya. Ubishi huo ukadumu miaka mingi, hata Baron von der Decken alipopanda sehemu ya mlima mwaka 1862 na theluji ikamwangukia yeye na watu wake. Rebmann alikuwa na maneno tu, na maneno ya mtu aliye mbali ni rahisi kuyakana. Kazi aliyoifanya Sella baadaye ilikuwa ni kumpa shahidi yule aliye mbali kitu kisichokanika upesi.

Vittorio Sella alizaliwa tarehe 28 Agosti 1859 katika mji wa Biella, upande wa kaskazini wa Italia, mahali milima ya Alps inapoanza kuinuka. Jamaa yake walikuwa watu wenye mali, wafumaji wa nguo za sufu, nao walikuwa na viwanda vyao tangu zamani. Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa mtu wa elimu aliyependa kuchunguza dawa na rangi. Mwaka 1856, kabla ya kuzaliwa mtoto huyu, aliandika kitabu kikubwa cha kufundisha kazi ya kupiga picha, nacho kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya namna hiyo katika lugha ya Kiitalia. Tena alikuwako baba mdogo, Quintino Sella, aliyekuwa waziri wa fedha wa serikali ya Italia. Huyu alipenda sana milima, na mwaka 1863 akaanzisha Chama cha Wapanda Milima cha Italia. Basi yule mtoto alikulia kati ya mambo mawili: nyumbani kilikuwako kitabu cha picha, na kila atokapo mlangoni milima ilikuwa mbele ya macho yake. Baba yake alifariki mwaka 1876, naye Vittorio alikuwa bado kijana. Kitabu kikabaki, na milima ikabaki, naye akaviunganisha.

Mwaka 1879, akiwa na miaka ishirini, alipanda mlima uitwao Monte Mars, ulio juu ya nchi ya kwao, ili apige picha ya kuzunguka, yaani picha nyingi zinazofuatana, ambazo zikiunganishwa huonyesha milima yote iliyo pande zote. Siku zile kazi hiyo ilikuwa na taabu ambayo vijana wetu wa leo hawaidhanii. Picha haikupigwa juu ya karatasi wala utepe, bali juu ya bamba la kioo. Kioo hicho hupakwa dawa ya maji iitwayo kolodioni, kisha huchovywa katika maji ya chumvi ya fedha, hutiwa katika kamera kingali kibichi, hupigwa picha, na mara huondolewa na kusafishwa kwa dawa nyingine kabla hakijakauka. Muda wote ni dakika chache tu. Kwa hiyo mpiga picha hana budi kuchukua hema jeusi, chupa za dawa, maji na vioo hata kileleni, na kukaa gizani ndani ya hema huku vidole vikifa ganzi kwa baridi. Sella aliyafanya hayo yote. Akashuka na vioo vyake, na hapo akajua ya kuwa jambo hili lawezekana, ila njia ile ni nzito mno kwa milima mirefu kuliko huo.

Kwa bahati njema miaka ile ile vikaanza kuuzwa vioo vikavu, vilivyopakwa dawa ya jelatini kiwandani. Kioo cha namna hiyo chaweza kukaa miezi kabla ya kutumiwa, na miezi tena kabla ya kusafishwa. Sella akajipatia kamera kubwa ya Dallmeyer iliyofanywa London, ya vioo vya sentimeta 30 kwa 40. Wasomaji na wafikiri uzito wake. Kioo kimoja chakaribia kilo moja, kwa hiyo vioo kumi na viwili ni mzigo wa mtu mzima. Tena kuna kamera yenyewe, na miguu yake mitatu, na masanduku ya kuvikinga vioo visivunjike. Zilikuwako kamera ndogo zaidi, nyepesi. Lakini yeye alitaka kioo kikubwa, kwa sababu siku zile picha kubwa iliyo bora hutoka katika kioo kikubwa, wala hakutaka kuonyesha mlima kana kwamba ni chungu cha mchanga. Alitaka mtu akiitazama picha aweze kuona kila ufa wa barafu na kila jiwe, hata akitaka aweze kuitafuta njia ya kupandia.

Sasa twafika katika jambo lililomtia sifa kwanza. Watu wa Ulaya walipanda milima yao katika majira ya joto, theluji inapopungua na mchana unapokuwa mrefu. Wakati wa baridi waliiacha, kwa kuwa siku ni fupi, baridi yaua, na theluji mbichi huporomoka na kufukia watu. Sella akaazimu kuipanda wakati ule ule. Tarehe 17 Machi 1882 akafika kilele cha Matterhorn, mlima wenye meta 4,478, nao ni mlima wa hofu, maana watu wa kwanza walioupanda mwaka 1865 walikuwa saba, na wanne wao walianguka wakafa katika kushuka. Kabla ya Sella hakuna aliyefika kilele chake wakati wa baridi. Akapanda kwa upande wa Italia pamoja na viongozi wa jamaa ya Carrel, watu wa bonde lile, akashuka kwa upande wa Uswisi. Mwaka 1884 akapanda hivyo hivyo kilele cha juu cha Monte Rosa katika mwezi wa Januari. Na mwezi wa Januari 1888, pamoja na watu wa jamaa yake na viongozi, akauvuka mlima wa Mont Blanc, ulio mrefu kupita yote ya Alps, akianzia Italia na kushukia Ufaransa.

Mtu aweza kusema, Hayo ni majivuno ya vijana wenye mali. Hatukatai ya kuwa mali ilimsaidia, wala ya kuwa kijana hupenda kujaribu nguvu zake. Lakini tukizitazama picha zake twaona sababu nyingine. Wakati wa baridi hewa ya milimani huwa kavu na safi kuliko wakati wa joto, hata mlima ulio mbali huonekana kana kwamba u karibu. Tena jua hupita chini, kandokando ya upeo, na kivuli chake huwa kirefu. Kivuli ndicho kinachoonyesha umbo la theluji. Jua likiwa utosini, uwanja wa theluji huwa mweupe mtupu, na katika picha hauonekani kitu, ni kama karatasi isiyoandikwa. Bali jua likiwa chini, kila wimbi la upepo juu ya theluji, kila shimo na kila tuta, hupata upande wa mwanga na upande wa giza, na macho hufahamu. Kwa ajili hiyo Sella aliamka usiku na kutembea gizani, ili alfajiri imkute mahali pake, na kamera imekwisha simamishwa.

Iko taabu nyingine. Theluji ina mwanga mwingi mno, na mwamba mweusi ulio kando yake una mwanga mchache. Kioo hakiwezi kuvishika vyote viwili kwa urahisi. Ukikiacha wazi muda wa kuutosha mwamba, theluji huungua na kupoteza alama zake. Ukikifunga upesi kwa ajili ya theluji, mwamba hubaki giza tupu. Lazima mpiga picha apime kwa akili yake, kwa kuwa siku zile hakuwa na chombo cha kumwambia. Zaidi ya hayo, vioo vya zamani vilipokea rangi ya buluu kupita kiasi, hata mbingu ilitoka nyeupe kama theluji yenyewe, na kilele hakikutengana na anga. Tena chombo kikitolewa baridini na kuingizwa katika nyumba ya moto, mara hufunikwa na umande, na umande huharibu. Mwisho wa yote, vioo vilivyopigwa milimani kwa kawaida vilisafishwa siku nyingi baadaye. Mtu alihatarisha maisha yake kileleni, akarudi, na kwa muda mrefu hakujua kama mikononi mwake ana picha au ana kioo kilichoharibika. Yampasa mtu kuwa na saburi ya namna yake kwa kazi kama hiyo.

Mwaka 1889 Sella akatoka katika nchi yake kwenda Caucasus, milima iliyo kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, pamoja na ndugu yake Erminio. Mwaka uliotangulia Mwingereza William Donkin, ambaye pia alikuwa mpiga picha hodari wa milima, alipotea huko pamoja na mwenzake Fox na viongozi wawili wa Uswisi. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Mwaka 1889 rafiki zao walikwenda kuwatafuta, wakakiona kituo chao cha mwisho, wao wenyewe hawakuwaona. Basi Sella alipoingia katika milima ile alijua vema kazi yake inaweza kumdai mtu nini. Akaenda tena mwaka 1890, na tena mwaka 1896. Kwa kazi hiyo Chama cha Jiografia cha London kilimpa tuzo ya Murchison mwaka 1890, na picha zake zikatiwa katika kitabu kikubwa cha Douglas Freshfield juu ya Caucasus, kilichotoka mwaka 1896.

Huko Caucasus hakupiga picha za vilele peke yake. Katika bonde la juu la Svaneti, nchi ambayo theluji ya majira ya baridi huifunga na kuitenga na nchi nyingine, wanakaa Wasvani. Tangu karne nyingi jamaa kwa jamaa walijenga minara ya mawe kando ya nyumba zao, mirefu, yenye madirisha madogo juu, ili wajikinge humo wakati wa vita na wa visasi. Katika vijiji kama Mestia na Ushguli minara hiyo husimama kwa makumi, na nyuma yake barafu ya milima. Sella alizipiga picha nyumba hizo na minara, na wazee wa vijiji, na wanawake, na watoto. Tangu siku zile baadhi ya minara imeanguka. Iliyobaki imetiwa mwaka 1996 katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Mtu akitaka kujua vijiji vile vilikuwaje kabla ya vita vikuu na mageuzi ya karne ya ishirini, picha za Sella ni miongoni mwa mashahidi wake wa kutegemewa.

Mwaka 1897 alichaguliwa kufuatana na Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, mwana wa nyumba ya wafalme wa Italia, kwenda Alaska kuupanda mlima wa Saint Elias, wenye meta 5,489. Walivuka uwanja mkubwa wa barafu wakivuta mizigo yao kwa magari ya kuteleza, katika mvua na ukungu, na tarehe 31 Julai wote kumi walifika kileleni, Sella akiwa mmoja wao. Kabla yao mlima ule haukupandwa. Mwaka 1899 akaenda Himalaya pamoja na Freshfield, kuuzunguka mlima wa Kangchenjunga, wenye meta 8,586. Walipokuwa katika barafu, mwezi wa Septemba ikaja tufani kubwa, ile iliyobomoa milima na kuua watu mjini Darjeeling. Huko juu tufani ilishuka kuwa theluji nzito, ikafukia njia yao. Kwa wapandaji jambo hilo lilikuwa hasara, maana tumaini la kupanda juu zaidi likapotea. Lakini tufani ilipopita anga likawa safi, milima yote imevikwa theluji mpya toka juu hata chini, na katika hali hiyo Sella akapiga picha zilizo miongoni mwa zile bora za maisha yake. Wenzake walihuzunika kwa njia iliyofungwa, naye aliitumia hasara ile.

Sasa na tuingie katika nchi yetu. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi alifunga safari kwenda Ruwenzori, milima iliyo kati ya Uganda na Kongo. Wakonjo, wakaao mitelemkoni, wameijua theluji yake tangu kale, hata nchi ile huiita kwa jina litokalo katika neno lao la theluji. Watu wa Ulaya waliiona mara ya kwanza katika msafara wa Stanley mwaka 1888, maana mawingu huifunika karibu siku zote, na mtu aweza kupita chini yake bila kujua ya kuwa iko. Sella akaitwa tena. Wasafiri wakashuka Mombasa, wakapanda gari la moshi hata ziwani, mahali palipoitwa siku zile Port Florence, nasi leo twapaita Kisumu. Wakavuka ziwa kwa meli hata Entebbe, na kutoka hapo wakaenda kwa miguu hata Fort Portal, na mbele tena hata bonde la Mobuku. Kituo chao kikuu kilikuwa Bujongolo, chini ya mwamba mkubwa ulioinama kama paa, karibu meta 3,800 juu ya bahari.

Taabu ya mahali pale haikuwa kama ya Alps. Huko baridi ni kavu, na hapa kila kitu kimelowa. Njia hupita katika matope mpaka magoti, na juu ya mashina ya miti iliyooza, iliyofunikwa na ukoga mzito. Mvua hunyesha, ukungu hupanda, na theluji iliyo juu huonekana kwa dakika chache, hasa asubuhi, kisha pazia hufungwa. Mpiga picha aliyezoea kungoja jua alipaswa sasa kungoja mawingu yafunuke, siku kwa siku, akivilinda vioo vyake na unyevu. Tarehe 18 Juni 1906 Mtawala alifika kilele cha Margherita, kilicho cha juu kuliko vyote, chenye meta 5,109. Sella naye alizunguka katika milima ile na kamera yake, pamoja na msaidizi wake Erminio Botta, akipiga picha za vilele na za barafu, na za misitu ya ajabu iliyo chini yake, ambamo majani tuyajuayo kuwa madogo hukua kuwa miti.

Hapa hatuwezi kupita bila kuwakumbuka wapagazi. Vioo vile havikupanda vyenyewe. Kila sanduku lililofika Bujongolo lilifika juu ya kichwa au mgongo wa mtu, na watu hao, Wakonjo na wengine, majina yao hayamo katika ramani. Kilele kimoja cha Ruwenzori, chenye meta 4,627, huitwa mpaka leo Kilele cha Sella, lakini mtu aliyechukua kioo bila kukivunja katika matope yale hana kilele. Haki yadai tuseme ya kuwa kazi ile ilikuwa yao pia. Tukiitazama picha ya Ruwenzori twatazama jicho la Sella, na pamoja nalo twatazama miguu ya watu wengi.

Mwaka 1909 Sella akafuatana na Mtawala mara nyingine, kwenda Karakoram, kwenye mlima wa K2, wenye meta 8,611, wa pili kwa urefu duniani. Alikuwa na miaka karibu hamsini. Mlima wenyewe haukuwapa kilele, ukapandwa kwanza mwaka 1954. Lakini picha alizopiga Sella, hasa zile ndefu za kuzunguka, zinazoonyesha mto wa barafu wa Baltoro na vilele vyake, ziliwasaidia wapandaji waliofuata, maana waliweza kukaa nyumbani na kuichunguza njia kabla ya kufunga safari.

Baada ya hapo alitulia zaidi katika Biella, akaangalia shughuli za jamaa yake na kuzipanga picha zake. Mwaka 1925 alikwenda Moroko. Na mwaka 1935, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini na mitano, akajaribu tena kuupanda mlima wa ujana wake, Matterhorn. Hakufika, kwa kuwa mmoja wa viongozi aliumia njiani, nao wakarudi wamshushe. Alifariki katika Biella tarehe 12 Agosti 1943, katikati ya vita kuu, akiwa karibu kutimiza miaka themanini na minne. Vioo vyake na kamera zake vimehifadhiwa katika mji ule ule na Fondazione Sella. Mmarekani Ansel Adams, aliyekuwa mwenyewe bingwa wa picha za milima, alizisifu sana kazi zake.

Imebaki habari moja, nayo Sella mwenyewe hakuijua. Alipopanda Ruwenzori mwaka 1906, milima sita ya safu ile ilikuwa na barafu juu yake: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, na ule ulioitwa Luigi di Savoia. Leo ile mitatu ya mwisho haina barafu tena, na katika ile mingine barafu imepungua sana. Twajua hivyo kwa kupima, na katika kupima wataalamu hurudi kwenye picha za safari ile, wasimame pale pale aliposimama mpiga picha, na kulinganisha mstari wa barafu wa wakati ule na mwamba mtupu wa sasa. Vivyo hivyo katika Karakoram, mwaka 2009, miaka mia baada ya Sella, walikwenda wapiga picha wa Italia kusimama mahali pake na kupiga tena. Na Kilimanjaro petu barafu imepungua vilevile tangu siku za wazee wetu, kama wanavyoona wote wakaao karibu nao.

Basi lile swali tulilouliza mwanzo lina majibu mawili. Siku za Rebmann watu walikana ya kuwa theluji iko. Siku zijazo huenda watoto wa nchi hii wakakana ya kuwa iliwahi kuwako. Katikati yao amesimama mtu huyu na vioo vyake vizito. Angeweza kuchukua kamera nyepesi. Angeweza kupiga picha adhuhuri, jua likiwa na joto, na kurudi kituoni mapema. Angeweza kufanya kama wengine wa siku zake, waliochora mawingu na kuongeza vilele katika picha zao ili zipendeze. Sella alitaka kitu kionekane kama kilivyo, akalipa gharama yake. Kwa hiyo picha zake zafaa leo kwa kazi asiyoifikiri.

Katika shirika zetu yako majengo ya kale, makanisa ya mawe na nyumba za shule zilizojengwa na mababu, na wako wazee wenye habari zao. Huku hakuna theluji ya kuyafunika, lakini mvua na mchwa hufanya kazi yao polepole, nao wazee hawakai daima. Walimu wetu wenye kamera, au wenye daftari na kalamu tu, na wafikiri habari za mtu wa Biella. Na wasimame asubuhi jua likiwa chini, waandike mwaka na mahali, na majina ya watu wote waliomo katika picha, pamoja na wale waliobeba mizigo.